Kwa nini samaki arukie kipande cha ndala: chambo kinachoelea na mambo yake

Mpwa wangu alinijia Katonga, hapa Kigoma, jioni moja na simu mkononi. "Shikamoo mjomba. Hebu ona hii." Kwenye video, Mmarekani mwenye kofia amesimama kwenye boti inayong'aa. Anarusha kitu chenye umbo la sigara nene, kinaelea, anakishtua kidogo, mara maji yanapasuka na samaki wa urefu wa mkono anatokeza hewani na kile kitu mdomoni.

Huyu kijana amekulia Kibirizi. Usiku wake mwingi ameumaliza kwenye vipe, ile mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja ya kuvulia dagaa kwa taa. Kwa hiyo alichouliza ni swali la mtu anayewajua samaki: "Mti mkavu, hauna harufu, hauna nyama, tena uko juu ya maji ambako hata kunguru anauona. Huyo samaki ni mjinga?"

Nilimjibu kwamba samaki si mjinga, ila jibu langu halikumtosha, na kusema kweli hata mimi halikunitosha. Ilikuwa siku za mbalamwezi, vipe vimelala ufukweni, kijana hana kazi. Tukachukua ndala kuukuu, tukaikata kwa wembe, tukaichonga mpaka ikawa na umbo la kidole gumba kikubwa, mdomo tukaubonyeza ndani kama kijiko, nyuma tukachomeka kipande cha risasi. Mengi ya hapa chini nimeyaelewa vizuri baada ya kukivuta kile kidubwana kwenye maji ya Tanganyika jioni nyingi bila kupata kitu.

Kwanza huyo samaki wa kwenye video. Anaitwa besi, na hana uhusiano na ile besi ya spika. Ni samaki wa maji yasiyo na chumvi wa Amerika ya Kaskazini, mwili wa kijani, mstari mweusi uliokatikakatika ubavuni, na mdomo mpana ambao taya lake linapita nyuma ya jicho. Si ndugu wa sangara wala wa sato. Kwa Afrika Mashariki aliletwa Ziwa Naivasha, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1920, ili walowezi wapate mchezo wa kuvua. Kwetu Kigoma hayupo, na ninaomba asiletwe na mtu yeyote mwenye wazo zuri na pipa la maji. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, wamemweka kwenye orodha yao ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, na Ziwa Tanganyika lina samaki wengi mno ambao hawapatikani kwingine kokote. Yaliyompata furu wa Ziwa Viktoria baada ya sangara kupandikizwa kule miaka ya 1950 yanatosha.

Ila kanuni za chambo kinachoelea hazimhusu besi peke yake. Zinamhusu samaki yeyote anayewinda kwa macho na kwa mtikisiko, na wa namna hiyo tunao.

Turudi kwenye swali. Kosa letu kubwa ni kukitazama chambo kwa jicho la mtu aliyesimama juu ya mwamba. Sisi tunaona mti uliopakwa rangi, macho ya kuchora, magamba ya dhahabu. Samaki yuko chini. Kama umewahi kupiga mbizi maji yakiwa yametulia, ukageuka ukatazama juu, unalijua nitakalolisema: juu yako kuna duara la mwanga, na nje ya duara maji yamegeuka kioo. Nuru inayotoka hewani inapinda ikiingia majini, kwa hiyo mbingu yote, kutoka upeo hadi upeo, inabanwa ndani ya dirisha la mviringo lenye upana wa nyuzi 97 hivi. Nje ya dirisha hilo samaki haoni hewa kabisa. Anaona sakafu ya ziwa ikijitazama juu chini.

Ukubwa wa duara unategemea yuko chini kiasi gani. Akiwa mita 1 chini, dirisha lina upana wa kama mita 2 na robo. Akiwa mita 3, linakaribia mita 7. Na popote aendapo linamfuata, kama kofia.

Sasa weka kipande chetu cha ndala pale juu, nje ya dirisha. Sehemu iliyo hewani haipo kwa samaki. Anachokiona ni kioo kilichotulia ambacho ghafla kimebonyea mahali fulani: kitu kimekitoboa, kinang'atang'ata mwanga, na tumbo lake linaonekana mara mbili, lenyewe na taswira yake. Kinaposogea, kioo kinatikisika. Hakuna njia ya kuhesabu magamba wala kukagua jicho la kuchora. Kikiingia ndani ya dirisha, nyuma yake kuna anga lenye mwanga, na kitu chochote mbele ya mwanga kinakuwa kivuli cheusi. Samaki anaamua kwa kutazama kivuli, bonyeo na mwendo, na mara nyingi hana muda mrefu wa kuamua, kwa sababu kilicho juu kikiwa ni panzi au dagaa aliyeumia kinaweza kutoweka.

Ndiyo maana nasema rangi za mgongoni zimepakwa kwa ajili ya mnunuzi. Za tumboni zina maana kiasi fulani. Giza likianza kuingia, cheusi ndicho kinachoonekana vizuri zaidi dhidi ya anga, jambo ambalo wengi hawaliamini kwa sababu mikononi mwao cheusi ndicho kinachopotea. Ndala yetu ilikuwa ya bluu. Tuliipaka masizi ya karabai.

Macho ni nusu ya hadithi. Ubavuni mwa samaki, kuanzia kichwani hadi mkiani, upo mstari wenye vitundu vidogo. Mchukue sangala yeyote sokoni utauona. Humo ndani kuna vinywele vya hisia vinavyopokea msukumo wa maji. Kitu kikijitikisa karibu, samaki anakihisi hata kama haoni, karibu kama wewe unavyohisi mtu amepita nyuma yako gizani. Na sauti majini inakwenda kasi, takriban mita 1,480 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani.

Hapo ndipo maumbo ya vyambo hivi yanapoeleweka, maana kila umbo ni namna tofauti ya kupiga kelele. Chenye mdomo uliobonyea, kama chetu, ukikishtua kinasukuma maji mbele na kumeza hewa kidogo, kinalia chubwi, kisha kinatulia. Vingine vina pangaboi dogo mbele au nyuma linalochuruza maji mfululizo. Hivyo havihitaji ufundi, unavuta tu. Kipo cha sahani ya bati usoni, kinachoyumba huku na huku kama bata. Na kuna chura wa mpira laini, mtupu ndani, ambaye ndoano zake mbili zimelalia mgongo wake, kwa hiyo anateleza juu ya matete na magugu bila kunasa. Samaki akimbana, mpira unabonyea na ndoano zinajitokeza. Kwa mabwawa ya mto Malagarasi yenye mafunjo, huyo chura ndiye ningemnunua kwanza kama ningekuwa na hela ya kununua kimoja tu.

Ile sigara ya kwenye video ndiyo ngumu kuliko zote, maana yenyewe haina lolote. Haina mdomo, haina pangaboi. Ukiivuta moja kwa moja inakuja kama kijiti kinachokokotwa na mtoto. Siri yake iko kwenye ulegevu wa mshipi. Unashtua ncha ya fimbo chini, kisha hapo hapo unarudisha ulegevu. Pua inageukia kushoto na kuteleza yenyewe kwa sababu hakuna kinachoizuia. Unashtua tena, inageukia kulia. Legeza, shtua, legeza. Ukipata mdundo wake inakwenda pindapinda karibu mahali pamoja, kama mlevi anayetafuta ufunguo wake mlangoni. Mpwa wangu aliuweza kwa nusu saa. Mimi bado, na fimbo ni yangu.

Inasimuliwa kwamba biashara hii ilianza mwishoni mwa karne ya 19 huko Dowagiac, Michigan. James Heddon, mfuga nyuki, alikuwa amekaa kando ya bwawa akichonga kijiti, alipoondoka akakitupa majini, na besi akakirukia. Kama ni kweli hivyo hivyo au imetiwa chumvi, kampuni yenye jina lake ilikuwa kweli, na vyambo vyake vinanunuliwa hadi leo.

Kwa nini sasa samaki arukie? Njaa ndiyo sababu ya kwanza na haina fumbo. Ya pili ni ile ya paka na uzi: mwindaji akiona kitu kidogo kinatapatapa karibu, mwili unatangulia kabla ya tumbo kuulizwa. Ya tatu ni hasira ya mzazi, na hii nataka tukae nayo kidogo.

Besi dume huchimba kiota kwenye maji ya kina kifupi, jike hutaga na kuondoka, dume hubaki akilinda mayai na vifaranga. Wakati huo hushambulia chochote kinachopita juu ya kiota, awe na njaa asiwe nayo. Kwetu mwenye tabia ya namna hii ni kuhe. Huyu ni mkubwa kuliko wote katika jamii ya sato na furu hapa Afrika, hukua kufikia sentimita 80 hivi, na hapatikani popote isipokuwa Ziwa Tanganyika. Yeye hulinda wote wawili, baba na mama, pembeni mwa ziwa, wingu la vitoto likiwa kati yao, maelfu kwa maelfu. Ukirusha chambo juu ya wingu lile, mzazi atakuja. Ni rahisi mno, na kwa maoni yangu ni wizi, kwa sababu dakika chache ambazo mzazi yuko kwenye ndoano yako zinawatosha samaki wengine kulimaliza lile wingu. Ukiwaona wawili wamesimama hivyo kwenye maji meupe, hama. Mwamba mwingine upo mbele.

Tuje kwenye lile linalowatoa watu machozi. Maji yamepasuka, umeona kwa macho yako, umevuta kwa nguvu zote, na chambo kimerudi peke yake kwa kasi kuelekea usoni. Imenitokea mara nyingi, na mara moja ndala ilinipiga kwenye paji la uso mbele ya akina mama waliokuwa wanafua.

Sababu iko mdomoni mwa samaki. Besi haumi kama mbwa. Anafungua mdomo wake mpana ghafla, nafasi ya ndani inaongezeka, maji yanakimbilia humo, na windo linabebwa na maji hayo. Ni kama unavyovuta uji wa moto kwa midomo. Chini ya maji mbinu hii karibu haikosi. Lakini kitu kinachoelea nusu yake iko hewani. Samaki anavuta maji pamoja na hewa, kishindo kinakuwa kikubwa, na chambo kinasogea kidogo tu. Vuta uji ukiwa umekiinamisha kikombe vibaya: kelele nyingi, uji haba. Kwa hiyo ule mpasuko unaouona si dalili kwamba ameshika. Mara nyingi ni dalili kwamba amejaribu. Ukivuta kwa mshtuko wa macho, unamnyang'anya kabla hajafunga mdomo.

Dawa ni kungoja mpaka mkono uhisi uzito. Usivute kwa kilichoonwa na jicho, vuta kwa kilichohisiwa na mkono. Kama amekosa, acha chambo kilale kimya, kikiyumba tu na viduara vya maji. Aliyekosa mara nyingi anageuka kutazama alichokikosa, na mara ya pili huja kwa utulivu zaidi. Ni sekunde mbili tatu za kutofanya kitu. Sijawahi kuona kazi ya uvuvi iliyo ngumu kama hiyo.

Jambo ambalo halionekani kwenye video ni mshipi. Chukua uzito wa maji kuwa 1. Nailoni ya kawaida ni 1.15 hivi, inazama polepole. Ule mshipi ghali wa fulorokaboni, unaosifiwa kwa kutoonekana majini, ni karibu 1.78, unazama upesi, na ukizama unaivuta pua ya chambo chini, kisha chambo kinachotakiwa kulia chubwi kinaanza kuchimba kama jembe. Mshipi wa kusuka ni 0.97, unaelea, nao hauvutiki, kwa hiyo amri ya mkono inafika pale pale. Kwa chambo cha juu, chagua wa kusuka au nailoni nene. Nailoni ina faida moja ya ajabu: kwa kuwa inanyumbuka kidogo, inakuchelewesha, na kuchelewa ndiko tunakokutaka. Ukitumia fulorokaboni utalaumu chambo, utalaumu ziwa, utalaumu hata majirani.

Mengine kwenye video za Wamarekani yaache huko huko. Nusu ya mazungumzo yao ni majira. Damu ya samaki inafuata joto la maji, na kwao maji yanashuka mpaka kuganda. Kwa hiyo wanasubiri yapande kufikia nyuzi 15 hivi ndipo besi aanze kupanda juu kwa hamu. Maji ya juu ya Tanganyika yako kati ya nyuzi 24 na 28 karibu mwaka mzima. Hatuna cha kusubiri. Kinachotutawala sisi ni upepo na mwanga. Kusi likivuma, kuanzia Mei kuelekea Septemba, uso wa ziwa unakuwa na mawimbi, kile kioo kinavunjikavunjika, na bonyeo la ndala halitofautiani na bonyeo la wimbi. Kifanye chambo kiwe kikubwa na chenye kelele zaidi, au kaa nyumbani. Vijiwimbi vidogo si vibaya, vinamficha mvuvi.

Mwanga unahitaji maelezo kwa sababu ya saa zetu. Kigoma tuko magharibi kabisa ya nchi lakini saa ni moja na ya Dar, kwa hiyo jua letu linachelewa: linachomoza karibu saa 1 asubuhi na kuzama saa 1 jioni na dakika zake. Anayeambiwa "fika alfajiri saa 11" atakaa gizani na mbu. Kipindi chenyewe ni kama nusu saa kabla na baada ya jua kuchomoza, na vivyo hivyo jioni. Mwanga hafifu unampa mwindaji nafasi. Windo halimuoni vizuri akitokea chini, ilhali yeye analiona dhidi ya anga. Zaidi ya hapo, dagaa hupanda juu giza likiingia na kushuka kukipambazuka, na mgebuka anawafuata. Ukiona ndege wanapiga mbizi na maji yanachemka kama mchele sufuriani, mgebuka yuko chini yake amewapandisha. Hapo tupa chochote, hata sigara.

Malagarasi ni habari nyingine. Huko kuna kibebe, yule mwenye mistari myeusi ubavuni na meno yanayotokeza hata akifunga mdomo. Anakuja juu kwa kasi, na mshipi wa aina yoyote kwake ni uzi wa kushonea, kwa hiyo kabla ya chambo lazima kiwepo kipande cha waya wa chuma. Chambo cha ndala hakimalizi mzunguko mmoja. Na usisimame kwenye ukingo jioni ukipiga chubwi chubwi kwenye maji yenye mamba. Sauti ile ile inayomwambia kibebe kwamba kuna mnyonge inamwambia na mwingine.

Vibali viko kwa ofisa uvuvi, na viongozi wa ufukweni ndio wa kuwaona kabla hujaanza kurusha mbele ya mitumbwi ya watu. Mahale, mpaka wa hifadhi unaingia ziwani kilomita 1.6, kwa hiyo fimbo yako haina kazi humo bila ruhusa ya hifadhi. Ziwa likifungwa, kama lilivyofungwa katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, limefungwa na kwa mwenye ndala pia.

Kama unatafuta samaki mkubwa kuliko wote, hii si njia yake. Besi wanaoshikilia rekodi ya dunia ni wawili: wa George Perry aliyevuliwa Georgia mwaka 1932, kilo 10.09, na wa Manabu Kurita wa Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009, kilo 10.12, waliohesabiwa sare kwa kuwa tofauti yao ni ndogo kuliko kanuni inavyotaka. Kurita alitumia samaki hai kama chambo. Cha juu ya maji watu wanakipenda kwa sababu ndicho pekee unachokiona kikiliwa, na hilo hilo ndilo linalotuharibia.

Ndala yetu ilipata samaki wake wa kwanza Jumamosi moja, jua likiwa limeshagusa milima ya Kongo. Mpwa wangu alirusha kando ya mwamba, akashtua mara mbili, simu ikalia. Ni mama yake. Akaibana simu begani, "Shikamoo mama, niko na mjomba," na nyuma yake maji yakapasuka. Hakuona. Nilitaka kupiga kelele, nikajizuia. Ameshafika kwenye "ndiyo, nitaleta mkaa" ndipo fimbo ilipoinama, naye akaikamata bila haraka. Kuhe mdogo, wa kama nusu kilo, ndoano imeingia vizuri kabisa kwenye kona ya mdomo.

Tangu siku hiyo, kila akirusha, ananiambia nimpigie simu.